Kabuti ya Papa Kanisani

Bukavu, Novemba 1999

Papa mupenzi,

Tuko wazima hapa Nguba, na mutoto wako Bibiane ni bibi ya mutu tangu Jumamosi!

Askari walichukua magari yote ya kartie yetu ya Nguba, kwa hiyo nilienda kanisani kwa velo yako, nikipiga pedali mimi mwenyewe. Na mvua ile! Maman alinikunjia robe ya ndoa mpaka kiunoni juu ya suruali ya ndugu yangu Yannick, akanijaza magazeti kifuani, soksi zako mikononi, sashe za plastiki miguuni. Juu ya yote akanivalisha kabuti yako nzito, ile uliyoacha kwenye musumari ukisema unaenda Kinshasa kidogo tu, kabla vita haijakata njia.

Upepo wa ziwa ulinikosa kabisa, Papa. Nilikuwa na joto kama mukate wa asubuhi!

Kwenye mulango wa kanisa nilivua vile vingine vyote, lakini Maman aliposhika kabuti, nikakataa. Tonton Cyprien, ndugu yako, alikuwa amenyoosha mukono anipeleke altareni.

"Aksanti, Tonton," nikamuambia, "lakini Papa iko ananipeleka."

Aliinamisha kichwa, akatupisha.

Jean-Claude alipotaka kunivalisha pete, hakuona kidole. Alikitafuta ndani ya kabuti, kanisa zima likicheka, mpaka Padri akamusaidia kukunja mukono wa kushoto wa kabuti.

Kabuti imekauka, imerudi kwenye musumari wake. Ule mukono bado iko umekunjwa. Nimekataza mutu yeyote kuukunjua. Hiyo ni kazi yako.

Mutoto wako,
Bibiane