Mkono wa Libérat

Mulongwe, Uvira
9 Machi 2000

Mpendwa mwanangu Gaspard,

Pokea salamu za baba yako mkubwa, ambaye bado hajafa ingawa watu wengi wamejaribu. Weye je, mzima? Mke wako Tuyishime, kile kikohozi kimemwachia? Na tumbo lako, maana nasikia huko Morogoro mnakula wali mpaka mmesahau bugali? Sisi iko hivi hivi. Magoti yanauma, bei ya chumvi imepanda, na kule juu Bijombo bunduki bado zinalia. Miye nimechoka, mwanangu. Hata kuogopa kumenichosha.

Barua yako imefika kwa mashua bandarini Kalundu, inanuka samaki wa ndagala. Nimeisoma mara mbili kwa sababu Kiswahili chako siku hizi kimevaa tai. Unasema wanafunzi wako wa udaktari wa mifugo ni wazito wa mikono, kwa hiyo unatibu mwenyewe na wao wanasimama kutazama. Weye! Miaka yote unamtazama Tuyishime akipika. Umejua kusonga bugali?

Sasa habari ya Gaju, ng'ombe wa mwisho wa babu yako, yule niliyeshuka naye kutoka Bijombo tukikimbia. Mwezi uliopita alishikwa na uchungu, akasukuma asubuhi yote bure. Nikamwita Dokta Mukakalisa, mwalimu wa shule ya mifugo. Shule yenyewe askari wanalala ndani, na madawati wameyapikia maharage. Basi anafundishia mitaani, wanafunzi wanamfuata kama vifaranga.

Wakafika. Wakanisalimia mimi kwanza, ndipo wakamgusa ng'ombe. Ni sheria ya Dokta. Dokta akaingiza mkono, akapima, akaniambia wazi: "Pole, Baba. Ndama amekufa ndani, kichwa kimegeuka nyuma. Tupiganie mama." Halafu, badala ya kuendelea, akautoa mkono na kumwita mwanafunzi mmoja, Libérat, mtoto wa wakulima wa Kamanyola. Kwao mfugo mkubwa ni bata.

Nikapiga kelele. "Dokta! Hapa mwenye diplome iko nani?"

"Ni mimi, Baba. Yeye nimemuuliza kama yuko tayari, amekubali. Sasa ninakuuliza weye. Nikiona mama anaishiwa nguvu, nachukua mimi."

Nikakubali. Usinisifu, ni uchovu tu, hata kubishana kunataka nguvu.

Libérat akaingiza mkono mpaka begani.

"Unagusa nini?"

"Mguu, Dokta."

"Wa mbele ao wa nyuma?"

Libérat akapapasa, akapapasa tena. Dokta hakumtukana. "Fuata viungo viwili, uone kama vinakunjika upande mmoja."

"Upande mmoja. Ni wa mbele. Lakini kichwa sikioni."

"Unakitafuta kwa macho, bwana?" nikamtupia. Wenzake wakacheka. Dokta hakucheka.

"Kipo. Sukuma kifua nyuma kwanza, upate nafasi. Gaju akisukuma, weye pumzika."

Akahangaika, jasho na machozi pamoja. Mwisho akasema, "Nimeshindwa, Dokta."

"Mkono gani umechoka?"

"Wa kuume."

"Basi uko na mwingine."

Wanafunzi walikuwa mbele ya Dokta, waliona uso umetulia kama ziwa la asubuhi. Mimi nilikaa nyuma yake, juu ya jiwe. Nikaiona mikono yake mgongoni. Mmoja umeukamata mwingine kama askari na mfungwa wake, kucha zimezama katika nyama. Alitamani kuruka amsukume yule kijana kando. Hakuruka. Hapo nikaacha kumtania kijana, na unajua kwamba mimi kuacha utani ni muujiza.

Kichwa kikageuka. Ndama akatoka, maskini, mzuri hata katika kufa. Gaju akasimama, akanywa ndoo nzima. Dokta akamvuta Libérat kando ya ua, akamweleza alipokosea. Nilitega masikio nisikie matusi, sikupata hata moja.

Juma lililofuata askari walimchukua Gaju. Usiniulize wa upande gani; wote wana meno. Walisema asante. Nikarudi kukaa juu ya lile jiwe, nikamkasirikia Dokta, Libérat, hata Gaju mwenyewe. Kazi yote ile, kumbe tuliwaokolea askari nyama!

Juzi nasikia mbio uani. Ni Libérat, anatoka Kalundu, shati limelowa, mkono umekauka damu mpaka begani. Ng'ombe wa mjane Niyonsaba alikwama katika kuzaa, na Dokta alikuwa mbali. Kichwa cha ndama kilikuwa kimegeuka nyuma, vilevile.

"Ndama iko muzima, Baba! Ananyonya! Sikunawa, nimeogopa hutaamini."

"Ondoka, unanuka!" nikamwambia. Halafu nikamwambia asogee, niunuse mkono ule tena.

Gaju wameshamla, Gaspard. Mkono ule hawakuula. Kesho ukiingia kwa wanafunzi wako, ifunge mikono yako nyuma ya mgongo, uikamate kweli. Ikikuuma, ujue unafundisha.

Nisalimie Tuyishime na mtoto Akaliza. Shangazi yako Generose anakusalimu, anauliza lini utamletea kitenge. Mungu awalinde huko, na akipata nafasi apitie na huku kwetu.

Wako akupendaye na kukutania mpaka kaburini,
Baba mkubwa Sibomana