Jina Lililoandikwa Nyuma ya Mchanga

Dalanzadgad, 2 Julai 2003

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Mama hajambo? Ngamia wamenenepa? Mvua imepita upande wenu au imewaruka tena? Mimi mzima, ila roho iko juu juu.

Baba, tarehe kumi na tano ndiyo siku yangu. Nitawaongoza wageni wanane kutwa nzima hifadhini: asubuhi korongo la barafu, mchana ngamia hapo kwetu, jioni ule mchanga unaoimba. Bosi wetu, Bibi Tungalag, atakaa kiti cha nyuma na daftari lake. Nikifaulu, naajiriwa. Nikishindwa, narudi Ulaanbaatar kushona sweta kiwandani, na unajua nilivyokonda kule.

Shida ni moja. Anataka kila mlima utajwe jina. Mingine haina neno. Lakini huu wetu, unaotutazama mlangoni? Ramani ya ofisi imeandika jina lake. Nilitaje? Nijibu haraka, mpe barua Baska dereva.

Binti yako,
Nandin

Nyumbani, 8 Julai

Kwa binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako mgongo unamsumbua, lakini mdomo haujambo. Nundu za ngamia zimesimama wima. Mvua imeturuka.

Ebo! Hivi huko mjini wanawalisha nini? Mkubwa unamwita jina mbele ya macho yake? Mimi umewahi kuniita jina langu? Mlima ule ulitukinga mwaka wa baridi kali, ngamia wa majirani wakafa wamesimama na wetu wakabaki. Sema "Mheshimiwa", kama tunavyosema sote.

Siku hiyo nitakuwa visimani na ngamia majike. Mama yako ndiye atakayewapandisha wageni. Nikisikia umelitaja hapo mlangoni kwangu, safari ijayo watapanda mbuzi.

Usinune. Kula nyama.

Baba yako

Dalanzadgad, 17 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini umerudi salama na majike wako. Mimi mzima wa mwili.

Siku ilikuwa nzuri mpaka inauma. Korongoni barafu bado ipo, Julai hii! Mzee Luvsan, mwalimu mstaafu kutoka kaskazini, alilala kifudifudi akailamba kama mtoto. Gari likatutikisa kwa muda wa saa nne, tukafika nyumbani. Mama akawapa chai ya chumvi na ule mtindi mkavu. Mgeni mmoja aliuma, akauliza kama nauli aliyolipa ni pamoja na meno mapya.

Halafu likaja swali, la Bibi Tungalag mwenyewe.

"Nandin, mlima ule mzuri unaitwaje?"

"Mheshimiwa."

Bibi Tungalag akaandika. "Mheshimiwa nani?"

"Mheshimiwa tu."

Akaandika tena, akamgeukia Mama. "Mwenzangu, hebu tuambie wewe. Jina lake nani?"

Mama akamjazia bakuli. "Kunywa chai, inapoa."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nikajiona kabisa niko kwenye cherehani.

Jioni tukapanda mchanga, hatua mbili juu, moja chini. Kileleni nikawaambia tukae mstari mmoja, tuteleze pamoja upande wa pili. Baba, uliunguruma mpaka mbavu zikatetemeka! Nimeusikia tangu utotoni na bado nywele zilinisimama. Bibi Tungalag, na mwili wake ule, alishuka akipiga mayowe na kiatu kimoja.

Kule chini, wakiwa wanakung'uta viatu, nikageuka kutazama. Mheshimiwa haonekani, mchanga umemficha. Nikasema, "Sasa naweza kuwaambia." Nikawaeleza kwa nini nilimeza jina mchana kutwa. Mzee Luvsan akavua kofia. Nikataja lile la kwenye ramani: Kilima Cheusi.

Bibi Tungalag akafunga daftari. Majibu ni mwisho wa mwezi ujao.

Nimekukosea, Baba? Na je, jina lenyewe ndilo hilo? Halikunikaa mdomoni. Kwako sijawahi kulisikia.

Nandin wako

Nyuma ya mchanga, 12 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Salamu zangu leo fupi, upepo unanipokonya karatasi.

Nimepanda ngamia nusu siku kuja kuandika barua hii. Mama yako kaniita mwehu. Nyumbani nisingeweza, Mheshimiwa anaona.

Hukunikosea. Katika barua yako, nilipofika pale ulipogeuka kutazama kwanza, nilimsomea mama yako mara mbili, kisha nikatoka nje nikajifanya natafuta kamba. Sikukufundisha hilo. Babu yako alifanya hivyo hivyo, hapa hapa, siku nakwenda jeshini. Aligeuka, akahakikisha, ndipo akaniambia. Sijalitamka tangu siku hiyo, miaka arobaini na minane.

Ati Kilima Cheusi! Nimecheka mpaka ngamia akanitemea mate. Wapimaji wa ramani walipokuja kuuliza, babu yako aliwapa chai. Wakauliza tena, akawaongezea. Wakachoka, wakajiandikia lao. Tena wala si cheusi.

Kabla ya kuandika nimelisema kwa sauti, nione kama bado naliweza. Sauti ilinikatika, nikarudia. Anaitwa Goti la Mama. Tufani ikija, wanyama wote hukimbilia pale chini wakajibanza.

Kazi umepata, hukupata, jina ni lako. Barua hii usije nayo nyumbani.

Baba yako

Dalanzadgad, 1 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Huyo ngamia mtovu wa adabu hajambo?

Nimeajiriwa! Sijui nianzie wapi. Barua yako niliisoma ofisini, milango imefungwa, nikalia, Bibi Tungalag akaniuliza nani amekufa. Nikamsimulia yote. Akainuka mwenyewe, akakata Kilima Cheusi kwenye ramani, akanipa kalamu. Nikaandika.

Leo asubuhi kundi jingine lilikuwa likipakia mizigo kuja huko. Baska akaibandua ramani ukutani aitie garini kama siku zote. Bibi Tungalag akamnyang'anya.

"Una wazimu, Baska? Unampelekea Mheshimiwa jina lake mbele ya macho? Ramani inabaki mjini."

Barua hii anakuletea Baska huyo huyo. Mpe chai.

Binti yako,
Nandin