Nilichomwambia Obura Juu ya Wanale

Mpendwa Shangazi Santa,

Naomba msaada na naomba upesi, maana leo ni Jumapili, na Jumamosi inayokuja wageni watakuwa wamekaa sebuleni kwa kaka yangu Wangila kule Chwele wakinywa chai, na mimi bado sijui kama maneno yaliyowaleta niliyasema mimi au yalisemwa na mlima. Majina mengine nimeyageuza, Shangazi, usijali.

Mimi ni mwanamke wa Kenya, Mbukusu, nina miaka thelathini na minne, nauza viatu vya mitumba sokoni Jinja na nakaa Walukuba, huu mwaka wa sita. Kuwa Mkenya huku Uganda kuna shida moja ambayo hakuna aliyeniambia pale mpakani, nayo ni kwamba kila mtu anaamini unajua kukimbia. Ukiwahi basi tu, utasikia, si mmemwona Mkenya. Nimewaambia mara ngapi kwamba kwetu sisi ni mahindi na kuku, na kwamba wakimbiaji wenyewe mnao, wamejaa Kapchorwa, lakini wapi! Basi mwezi wa tatu rafiki yangu Natasha, mwenye saluni karibu na kibanda changu, akaja na habari za mbio za milimani huko Mbale, kilomita hamsini, mnapanda mlima Wanale, mnazunguka vijiji vya juu, mnashuka. Akasema twende kikundi, yeye na Umar wa boda na Obura, na wewe ndiye utakuwa kochi wetu. Obura alikuwa amesimama pale pale ananiangalia, na sijui shetani gani alinipitia, nikasikia mdomo wangu unasema, "Haya, nilikimbia shuleni mpaka ngazi ya mkoa." Uongo mtupu, Shangazi! Shuleni nilikuwa nawashikia wenzangu sweta wakikimbia.

Huyu Obura ni askari wa magereza, mtu wa Tororo, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Alinunua kwangu viatu vya kazi, namba arobaini na nne, na tangu siku hiyo anapita kila Ijumaa kunisalimia hata kama hanunui kitu. Nilipokuwa kochi akaanza kuniita afande, yeye ambaye ana maafande wa kweli kazini, na mimi kila akiniita hivyo nafurahi na naona aibu kwa pamoja.

Mazoezi yetu yalikuwa Walukuba hadi Masese na kurudi, njia tambarare, na kazi yangu ilikuwa kuwatuma, halafu nabaki na saa ya simu nikipiga kelele "Mikono! Mikono!", neno nililolisikia redioni. Mara Natasha ana wateja wa kusuka, mara Umar ana abiria, mara mvua, kwa hiyo miezi mitatu ikaisha tumetoka mara nane, na mimi mwenyewe nimekimbia mara mbili. Siku moja Obura akawatangulia wenzake kurudi, akanikuta nakula rolekisi, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, mayai yenyewe mawili, mkono umejaa, mdomo umejaa. Akasema tu, "Mazoezi mazuri, afande," akaendelea na mbio zake.

Na viatu! Wiki ya mwisho nilifungua belo jipya la mitumba nikakuta viatu vya kukimbilia vya zambarau, vizuri mno, namba thelathini na saba, na mguu wangu ni thelathini na tisa, na mimi ndiye huwaambia wateja kila siku kwamba kiatu kisichokutosha usikipende. Nikavivaa hivyo hivyo.

Tulianza Mbale saa kumi na mbili asubuhi. Kufika kilomita ya kumi na tano nilikuwa nahema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwangu, nikamwambia Natasha na Umar waende, kochi hukaa nyuma kuangalia watu, nao wakaenda. Obura hakwenda. Nikamfukuza, akasema anapumzika kidogo, na huyo mtu hukimbia kila asubuhi na wenzake wa magereza, angemaliza mapema kabisa, medali yake angeivaa saa nane mchana. Alitembea pembeni yangu siku nzima, kikwazo kikija ananipa mkono, kikiisha anauachia.

Halafu baada ya kilomita ya thelathini mambo yakageuka, Shangazi, na hapa ndipo sijui nikueleze vipi. Ukungu ulishuka, au sisi tulipanda tukauingia. Migomba ilikuwa inatokea mmoja mmoja halafu inapotea, maporomoko ya maji yanasikika lakini hayaonekani, kengele ya mbuzi upande huu, mtu anaita mwenzake upande ule, na harufu ya moshi na ya maua ya kahawa, na miguu yangu haikuwa yangu tena, ilikwenda yenyewe na mimi nimepanda juu yake. Nikamwona marehemu mama yangu amekaa kando ya njia anapukuchua mahindi, nikamwamkia, akaitikia, nikapita. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa nimechoka mpaka uchovu ukaisha, kukabaki kitu cheupe, kimya, na mtu mmoja anayepumua karibu yangu, na nikawaza kwamba sihitaji kingine chochote.

Tukatokea kwenye nyumba moja. Mama wa pale alikuwa nje anachemsha viazi, akaona ninavyochechemea, akatuketisha kwenye gogo, akatupa viazi vya moto na chumvi juu ya jani la mgomba. Akanisemesha kwa Kigisu nikamjibu kwa Kibukusu, unajua lugha zetu ni ndugu, tukaelewana kila neno, akanishika mkono akaniita mtoto wa dada yake, nikataka kulia. Wakati huo Obura amepiga magoti ananivua yale mazambarau, kucha mbili zimekuwa nyeusi, akatoa kwenye begi lake sapatu, hizi ndala za plastiki, mpya, bado zimefungwa pamoja kwa uzi, akaukata uzi kwa meno na kunivisha. Zilinikaa vizuri ajabu. Yule mama akamwangalia, akaniuliza kwa lugha yetu, "Huyu ndiye mume wako?" Nikasema ndiyo. Hivyo tu, ndiyo, kama mtu anayeulizwa kama mvua imenyesha.

Obura haijui lugha hiyo. Akaniuliza, "Amesema nini?"

Nikamwambia, "Amesema wewe ni mume wangu, na mimi nimekubali, kwa hiyo itabidi uje kwa kaka yangu."

Akaniangalia kutoka pale chini, mkono wake bado uko kwenye mguu wangu, akasema, "Sawa, afande."

Tulishuka na ndala zangu mpya, ukungu ukafunguka, tukaona Mbale yote chini yetu na tambarare inaenda mpaka inakuwa bluu, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe. Tulifika saa kumi na mbili na nusu jioni. Muda wa mbio ulikuwa umekwisha, meza ya medali imekunjwa, na Natasha na Umar wamelala kwenye nyasi. Obura akakosa medali kwa ajili yangu.

Wiki mbili hakutaja neno. Nikasema afadhali, amejua ni njaa iliyokuwa inasema, halafu nikafunga kibanda nikaenda nyumbani nikalia. Kumbe juzi Ijumaa amekuja kama kawaida, akasalimia, akasema, "Mjomba wangu amepanga Jumamosi ya wiki ijayo. Ni sawa?" Nikasema sawa, nikamuuzia mteja viatu viwili vya kushoto. Nimempigia kaka yangu, ameshatenga kuku.

Shangazi, mtu huyu amekubali amri ya afande ambaye hayupo. Anataka kumwoa bingwa wa mkoa, na mimi ni mshika sweta. Nikimwambia ukweli ataondoka, nisipomwambia atakuja kujua siku moja. Na hata mimi najiuliza, je, nampenda huyu mtu hapa chini, Walukuba, kwenye jua na vumbi, au nilimpenda mule kwenye ukungu tu? Nizuie wageni au niwaache waje? Sina shangazi huku, wewe ndiye.

Ni mimi,
Kochi wa Uongo, Walukuba.

*

Kochi,

Nilisoma barua yako nikaisoma tena, na mara ya pili nilivua miwani nikakaa kidogo. Sasa nimeivaa, kwa hiyo sikiliza.

Kwanza nikugombeze, maana unastahili. Kilomita hamsini za kupanda na kushuka, kwa mazoezi mawili na rolekisi! Ungevunjika mguu kule juu ungebebwa na watu wenye kahawa yao ya kuchuma, na hawakukutuma. Na muuza viatu anavaa kiatu kilichopungua namba mbili kwa sababu ni cha zambarau! Hilo ndilo limeniudhi kuliko yote. Mwakani ukitaka kupanda, panda, lakini anza mapema, na kochi awe mtu mwingine.

Pili, kuna watakaoniandikia kwamba mwanamke hatangulii kusema. Waandike, stempu ni zao. Mimi nimekaa kambi za polisi miaka ishirini na saba, nimeolewa mara moja, na nani kati yetu alianza kusema, hilo halimhusu mtu.

Unauliza kama ulisema wewe au mlima. Binti yangu, watu wanapanda na kushuka Wanale na vitunguu kichwani kila siku ya Mungu, ukungu uko pale pale, na hawarudi na wachumba. Njaa humfanya mtu aropoke, sikatai, lakini njaa haiweki kumbukumbu. Wewe umesahau ulivyoshuka karibu kilomita kumi na tano, ila unakumbuka kwamba alikata uzi kwa meno. Na alipokaa kimya wiki mbili ulilia wapi? Hukulia Wanale. Ulilia Walukuba, kwenye jua na vumbi. Hilo swali umeshalijibu mwenyewe, usinisumbue nalo.

Kilichobaki ni uongo, na huo lazima utoke kabla ya Jumamosi. Mzee wa watu asisafiri kutoka Tororo kuja kumposa bingwa wa mkoa. Usiulete mbele ya mjomba, usimtume Natasha, usiuandike kwenye simu. Mwambie usoni, na usitengeneze hotuba. Sema, "Sikuwahi kukimbia, nilidanganya kwa sababu ulikuwa unaniangalia." Halafu funga mdomo, hata kama kimya chake ni kirefu. Akikasirika, ana haki, mpe siku zake, na umpigie Wangila awafungulie kuku. Na ukishasema ukajikuta unataka akatae ili wewe upone, basi sema hapana hapo hapo, usimtembeze tena kilomita hamsini bure.

Na usingoje Ijumaa. Umegeuza majina, sawa, lakini Wakenya wauza viatu wa Walukuba waliopanda Wanale na askari wa magereza ni wangapi? Gazeti hili linatoka Jumatano, na kwenye kota za magereza linasomwa lote kabla halijafungia chapati, nazijua kota hizo. Ukifika mwisho wa ukurasa huu funga kibanda, nenda kamngoje getini anapotoka zamu, kabla wenzake hawajamsomea.

Neno la mwisho. Unasema amedanganyika, anaamini wewe ni mkimbiaji. Mimi enzi zangu za polisi nilifanya upelelezi kidogo, na hapa kuna kitu hakikai sawa. Mguu wake ni arobaini na nne, wako ni thelathini na tisa. Zile sapatu zilitoka kwenye begi lake, mpya, na uzi wake, zikakukaa vizuri ajabu, na hakuzinunua kwenye kibanda chako, maana ungekumbuka. Alizibeba kutoka Jinja mpaka kule juu, kilomita zaidi ya thelathini za mbio ziko mgongoni, siku ambayo bingwa wa mkoa hakuwa na sababu yoyote ya kuhitaji ndala.

Kwa hiyo vaa hizo hizo unapokwenda getini. Mwambie ukweli wako, na akimaliza kunyamaza, muulize alizinunua lini.

Shangazi Santa