Nyumba Nilizobomoa Katika Mji Wetu wa Robhi

Tata, baba yangu mpendwa,

Tangu asubuhi nimekaa kwenye kiti hiki na kuinuka mara nne. Nimefua soksi ambazo zilikuwa safi. Nimewasha jiko, nikalizima bila kubandika kitu. Nimetoka nje, nikasimama, nikarudi ndani bila kujua nilitoka kufuata nini. Leo ni Jumapili, hapa Mugumu nilikopanga chumba. Wenzangu wa uani wako kanisani, na mimi nakuandikia wewe ambaye barua haiwezi kukufikia. Ungekuwepo ungeniambia, "Ghati, kaa chini, unanitia kizunguzungu." Basi nimekaa. Nitajaribu kusema yote kabla sijainuka tena.

Unaikumbuka ile miaka miwili niliyokaa nyumbani Mbalibali baada ya chuo? Stashahada yangu ya ujenzi wa barabara ilikuwa kwenye bahasha juu ya kabati, na kazi haiji. Wewe ulikuwa umestaafu usimamizi wa kazi za barabara, nyonga imeharibika, safari yako ya siku nzima ni kutoka kitandani hadi kiti cha barazani. Mimi nalalamika, wewe unalalamika, na Mama alikuwa anakwenda shambani ili apumzike.

Mchana mmoja nilikuwa nacheza ule mchezo wa kujenga mji kwenye kompyuta niliyotoka nayo chuoni. Ulikuja taratibu na fimbo yako, ukasimama nyuma yangu, ukatazama. Halafu ukasema, "Hiyo barabara haina mtaro."

"Ni mchezo, Tata. Mvua ya humu haiharibu barabara."

"Basi aliyeutengeneza hajawahi kufika Mara."

Ukavuta kiti. Hukurudi barazani siku hiyo, wala kesho yake.

Mji wetu tukauita Robhi, jina la mama yako. Ulianza na barabara moja tu iliyochepuka kutoka barabara kuu, na nyumba za kwanza tukaziweka kando ya mto. Ulipenda kuwaona wale watu wadogo wakihamia, magari yao madogo yakiingia na kupaki. Ulikuwa unawasalimia, "Karibuni, karibuni," kana kwamba wanakusikia.

Balaa la kwanza lilikuwa maji. Mimi niliweka pampu mtoni, kisha bomba la maji taka nikaliweka nilikoona pana nafasi, juu kidogo ya pampu. Haukupita muda, kila nyumba ikatoa alama ya ugonjwa juu ya paa. Nikataka kujenga hospitali. Ukanishika mkono wenye kipanya.

"Hospitali ya nini? Tafuta kwanza wanakunywa nini."

Ukaweka kidole kwenye kioo, ukafuata vile vishale vinavyoonyesha maji yanakoelekea. Ulikwenda polepole kinyume na mkondo, na kidole chako kikaacha alama ya mafuta ya samaki hadi kwenye lile bomba langu. "Tumewanywesha uchafu wao wenyewe, Ghati." Hukucheka. Tulihamisha pampu juu, mbali na bomba, na ulikataa kuinuka mpaka alama ya mwisho ilipotoweka kwenye paa la mwisho. Mama alikuita kula mara tatu.

Kisha umeme. Nilisogeza barabara moja, nikakata mstari wa nguzo bila kujua, nusu ya Robhi ikawa giza. Ulipokuwa unanionyesha ulipokatika, umeme wa kwetu nao ukakatika, na kompyuta ile betri yake ilishakufa, ikazimika hapo hapo. Ulicheka mpaka ukashika nyonga. "Sisi wenyewe hatuna, tunahangaika na wa Robhi!" Tukakaa mbele ya kioo cheusi tunasubiri, wewe ukichora kwa fimbo sakafuni jinsi nguzo zinavyotakiwa kupita.

Sikuwahi kukwambia, lakini nilijifunza barabara kwako katika miezi ile zaidi kuliko nilivyojifunza darasani. Foleni ilipoanza kwenye makutano makubwa ya Robhi, mimi nilitaka kuongeza njia. Wewe ulichagua lori moja. "Mfuate huyu." Tukamfuata dereva wa lori hilo kutoka kiwandani, tukapita naye mitaa yote, tukaona anakunja kushoto mahali ambapo kila mtu anakunja kushoto. "Njia zinatosha. Tatizo ni pale anapokunja." Tukaweka kipilefti. Tukafanya mitaa miwili iwe ya kwenda tu. Tukapata nafuu ya wiki moja, kisha foleni ikarudi mbaya zaidi, kwa sababu watu waliposikia Robhi kunapitika wakahamia wengi zaidi. Takataka zikarundikana, maana magari ya taka yalikuwa kwenye foleni. Gari la wagonjwa likakwama nyuma ya magari ya taka. Wewe ulikuwa unapiga paja, "Mpisheni mgonjwa, jamani!"

Dawa ilikuwa moja na sote tuliijua. Barabara ya mchepuko ipite kando ya mto. Lakini kando ya mto ndipo zilipokuwa zile nyumba za kwanza.

"Hizo hatuzigusi," ulisema.

"Ni nyumba kumi na nne tu, Tata. Mji mzima umesimama."

"Tutafute pengine."

Tulitafuta pengine kwa siku nyingi. Daraja halikutosha, kilima kilikuwa kikali. Nilianza kukasirika, na nilikuwa na hasira nyingi ambazo hazikuwa za mchezo. Wenzangu wa chuo walikuwa wameshapata kazi. Mimi niko nyumbani na baba yangu tunabembeleza nyumba za kuchora.

Siku Mama alipokupeleka hospitali kupigwa picha ya nyonga, nilikaa peke yangu nikafungua Robhi. Nilichagua ile alama ya tingatinga. Nyumba kumi na nne, mibonyezo kumi na minne, vumbi kidogo kila mmoja, basi. Nikapitisha barabara. Foleni ikayeyuka mbele ya macho yangu. Tata, nilifurahi. Sitakudanganya. Nilikusubiri kwa hamu kama mwanafunzi mwenye matokeo mazuri.

Ulirudi umechoka na barabara. Nikakugeuzia kioo kabla hata hujaketi. Ulitazama malori yanavyopita bila kusimama, ukatikisa kichwa kukubali. Kisha ukakaribia.

"Hapa palikuwa na watu."

"Wamehama. Mchezo unawahamisha wenyewe."

"Wamehamia wapi?"

Nikacheka. Ukauliza tena, taratibu, "Na kitufe cha kuwaambia kwanza kiko wapi?"

"Tata, hao si watu kweli!"

Ndipo ukaketi, ukaniambia jambo ambalo hata Mama hakuwahi kulisikia. Kwamba zamani, wakati wa kupanua barabara kule Kemambo, wewe ndiye uliyebeba kopo la rangi nyekundu. Kwamba palikuwa na mama mmoja mjane aliyekupa uji kila asubuhi mlipopita na vipimo, maana ulikuwa kijana, na alisema umefanana na mwanawe. Siku ulipochora alama ya X kwenye ukuta wake, alitoka na kikombe mkononi akakuuliza, "Mwanangu, hii ina maana gani?" Nawe ukamjibu, "Ni ya hesabu tu, Mama." Ukanywa uji. Tingatinga lilipofika alikuwa amekwenda gulioni. Wewe ulikuwa umeshahamishiwa kazi nyingine, ukasikia kwa wenzako kwamba alikuta vyungu vyake vimepangwa kando ya mtaro.

Mimi, nikiwa bado na ushindi wangu wa foleni, nikakuuliza jambo ambalo hadi leo natamani ningelimeza. "Kwa hiyo ulitaka barabara isijengwe?"

Ulinitazama bila hasira. "Ingejengwa. Ningemwambia tu."

Ukainuka, ukarudi barazani. Hukucheza tena. Nilikuita mara mbili tatu, nikakwambia dampo la Robhi limejaa, bwawa limepungua maji, nikidhani kazi itakuvuta. Ulisema, "Wewe endelea, mama." Sikukuomba radhi. Nilijiambia nitafanya hivyo nikipata kazi, nikija na habari njema. Kazi ikaja, nikahamia huku. Kwenye simu tulizungumza mvua, nyonga na ng'ombe. Siku ulipofariki nilikuwa saiti ambako simu haishiki, na habari nilipewa na dereva wa greda.

Sasa nakuja kwenye kinachonifanya niinuke.

Wiki hii nilitumwa Machochwe. Barabara inapanuliwa, na mimi ndiye niliyepewa kopo. Mhandisi wangu aliniambia, "Chora upesi usizungumze sana, maelezo yatakuja kwa barua." Nyumba za mwanzo hazikuwa na mtu. Ya tano ni ya mzee Marwa na mkewe, karibu na mpaka wa hifadhi ya wanyama, ua wa minyaa, jiko la nje limeezekwa vizuri. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Akalitaja jina lako la Mwita, Tata. Aliwahi kufanya kibarua cha kufyeka kandokando ya barabara chini yako.

Kisha akaitazama alama, rangi bado inachuruzika. "Sasa binti wa Mwita, hii ni ya nini?"

Nikamjibu, "Ni vipimo tu, mzee."

Yalitoka yenyewe. Hata sikufikiri. Nilikuwa nimeshapanda pikipiki niliposikia nilichosema, na sikumwambia dereva ageuze. Tangu hapo sikai mahali. Nimekula nimesimama. Ofisini nimepanga mafaili yaliyokuwa yamepangwa. Ijumaa nilifungua Robhi kwa mara ya kwanza tangu ufariki, nikautazama ule mchepuko, malori yanapita, kila kitu kinafanya kazi, nikafunga.

Jana nikarudi Machochwe mwenyewe, bila kopo. Nilimkuta mzee Marwa anatengeneza mpini wa jembe. Sikukaa kwenye kigoda.

"Mzee, nilikudanganya. Si vipimo. Barabara inapita hapa. Jiko litaondoka, na kona hii ya nyumba."

Mkono wake ulisimama juu ya mpini. Mkewe alitoka ndani akasimama mlangoni. Nilisikia kengele ya ng'ombe mbali kabisa.

"Tembo nawasikia wakija," mzee alisema. "Wanavunja matawi, mbwa wanabweka, naamka. Wewe umekuja na shikamoo."

Nilitamani anifukuze, ingekuwa rahisi. Badala yake akaweka jembe chini. "Njoo unionyeshe inapita wapi."

Tukatembea, sisi watatu. Nilihesabu hatua kutoka katikati ya barabara, nikachomeka vijiti. Kijiti kimoja kikaangukia nyuma ya jiko, kingine katikati ya kipande cha shamba ambacho mkewe alikuwa amekilima kwa ajili ya muhogo. Yeye alikiangalia tu kile kijiti. Mzee aliuliza lini. Nikamwambia sijui tarehe, lakini si kabla ya mavuno haya. Nikamwambia atakuja mtu wa kuthamini mali, asitie sahihi karatasi asiyoielewa, amwite mwanawe aliye mwalimu aisome. Nikaandika namba yangu ya simu kwenye kipande cha boksi. Nilipomnyooshea mkono wa kuaga, aliuangalia, akaokota jembe lake. Mkewe ndiye aliyenifungulia lango la ua.

Kesho nitamwambia mhandisi kwamba nilirudi, na kwamba nataka kurudi pia kwenye zile nyumba nne nilizozichora wenyewe hawapo. Najua atachukia. Pengine kopo atampa mwingine asiyerudi nyuma. Hilo ndilo linalonitisha kuliko kukaripiwa.

Tata, nisamehe kwa lile swali. Nilikuwa na wivu wa watu waliokuwa na kazi, nikakumwagia wewe, siku ambayo ulinipa jambo ulilolibeba miaka yote. Nilipaswa kukushika mkono. Nilipaswa kukuuliza yule mama alikuwa anaitwa nani.

Nimeinuka tena. Simu imeita.

Alikuwa mzee Marwa. Hakunisalimia. "Wewe binti wa Mwita. Ule muhogo tunaupanda upande wa pili, chini ya mwamba. Njoo uangalie kwanza kama hapo napo hamtapita."

"Kesho asubuhi, mzee?"

"Leo. Mke wangu ameshakata pingili."

Akakata simu. Nimeshafunga kamba za buti, na naandika mistari hii nimesimama. Nadhani nitamkuta na uso ule ule wa jana, na sitaudai mwingine. Nimechukua futi kamba ndefu, ile ya mita hamsini. Nataka nimpimie vizuri mpaka mwisho wa shamba, na yeye ashike upande mmoja.

Baki salama huko uliko, Tata. Pikipiki imefika.

Ni mimi binti yako,
Ghati