Siku Meneja Aliposema Hajui

Mjukuu wangu Atupele,

Ndaga kwa salamu zako. Huku Mpuguso mvua haituachi, ila tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama.

Unauliza uwaambie nini walio chini yako, ofisi yenu ikiunganishwa na nyingine. Kiwanda chetu cha chai kilipouzwa, uvumi ulituvuruga, wengine wakafunga mizigo. Nikamuuliza meneja mbele ya wote, "Baba, tunafukuzwa?"

Akavua kofia. "Sijui, mama. Hata mimi sijaambiwa. Nikijua nitawaambia hapahapa."

Tukarudi kwenye mashine. Hakutuahidi kazi, lakini tulitulia. Mpaka leo sielewi kwa nini. Baadaye alikuja palepale, akatuambia wengi wetu tunaondoka, na yeye yumo.

Tukampa mkono, mmoja mmoja.

Bibi yako anayekuwaza