Mahindi ya Mjane Efrazia

Haydom, 2 Juni 2024

Baba, shikamoo. Habari za nyumbani, na mguu unaendeleaje? Mimi sijambo, ila ugali wa hapa chuo cha uinjilisti ni mgumu kuliko masomo. Nakuandikia kwa sababu simu yako hukatika kabla hujaitikia. Jumapili ijayo nahubiri mara ya kwanza, na somo nililopewa ni Ufalme wa Mungu. Wewe ni mzee wa kanisa mwaka wa ishirini sasa. Nisemeje?

Mwanao, Evarist

Hirbadaw, 5 Juni

Mwanangu, marahaba. Mguu unauma asubuhi tu. Ng'ombe mwekundu amezaa.

Sema Ufalme uko mbinguni, tutaufikia tukivumilia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, sijaongeza kitu.

Habari nyingine si nzuri. Ng'ombe wa Mzee Bura waliingia shambani kwa jirani yetu Efrazia, yule mjane, naye akaenda kushtaki kwenye ofisi ya kata kabla ya kuleta neno kwa wazee wa kijiji. Wazee wamemtenga. Asisalimiwe, asipewe moto wala maji, asisaidiwe kuvuna, mpaka aombe radhi. Atakayemsalimia naye atatengwa, hata watoto wetu walio mbali. Nilikuwepo kikaoni, nikakubali.

Baba yako, Joakimu

Haydom, 11 Juni

Baba, shikamoo. Mama hajambo? Nimehubiri. Nilisema Yesu alikula na watu waliokimbiwa na wenzao, na Ufalme ulianzia pale mezani. Mama mmoja alilia. Mwalimu alinipa mkono mbele ya wote.

Sasa nashindwa kunyamaza. Baba, ulikubalije? Jumapili unagawa mkate kanisani, Jumatatu unampita jirani kama kisiki? Najua nakukosea adabu, unisamehe. Lakini nenda kamsalimie.

Mwanao, Evarist

Hirbadaw, 27 Juni

Evarist, marahaba. Sisi wazima.

Barua yako niliiweka chini ya godoro siku tisa kwa hasira. Kumbe mwana akishasoma, baba anakuwa mwanafunzi! Ila Jumapili Efrazia alikaa benchi peke yake, na nilipomfikia na mkate nilishindwa kumtazama usoni.

Kisha akaugua, bintiye Letisia akampeleka hospitali huko Haydom kwa basi. Nikajipa moyo kwamba wewe upo, utamwona. Wamerudi juzi. Letisia haruhusiwi kusema nasi, basi anawasimulia mbuzi kwa sauti kubwa, karibu na ua wetu. Amewaambia mbuzi kwamba kijana wa jirani alimwona mama yake kwenye benchi la wagonjwa, akageuza njia.

Ni wewe?

Baba yako

Haydom, 2 Julai

Baba, shikamoo. Ni mimi.

Nilikuwa na Biblia mkononi. Nilijiambia nakulinda wewe, wasije wakakutenga kwa ajili yangu. Uongo. Niliogopa kutengwa, nikakosa watu siku ya harusi yangu. Yeye aliniona, akatazama chini ili nisione haya. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nimeona aibu, baba, na sijui tena Ufalme ni nini.

Evarist wako

Hirbadaw, 8 Julai

Mwanangu, marahaba. Usilie sana, uoga huo umeurithi kwangu.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Efrazia nikamwuliza amelalaje. Alichungulia njiani kwanza. Kisha akasema, “Joakimu, rudi kwako. Utawaharibia watoto.” Nikachukua kapu nikaanza kuvuna mahindi yake. Nilimaliza mistari mitatu peke yangu, kwenye wa nne akaingia naye. Mama yako alikasirika, lakini chai aliileta.

Jioni wazee wamenitenga. Kuhusu Ufalme, nakusimulia siku ya leo tu. Niliogopa kutwa nzima, na nilifurahi kutwa nzima.

Barua hii inaletwa na kondakta wa basi, si mtu wa kwetu. Usinijibu. Kumwandikia aliyetengwa ni kumsalimia, nawe bado hujaoa. Soma, mwanangu.

Baba yako, Joakimu

Haydom, 10 Julai

Baba, shikamoo.

Mama Efrazia, shikamoo. Baba akusomee hii kwa sauti, hapo shambani, na wanaopita njiani wasikie. Mimi ndiye niliyegeuza njia. Nisamehe, mama.

Ijumaa nashuka na basi la mchana. Mniachie mistari ya kuvuna.

Mwana wenu, Evarist