Fundi Rangi Aliyeanguka Mara Sita

Chumba Na. 9,
Juu ya duka la miwani.
14 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia siku hizi unatembea bila fimbo, nikafurahi sana. Na presha ya Mkazamjomba, imetulia? Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa kukodolea kompyuta.

Umeniuliza mara mbili kama nitakuja kushika kaunta ya duka lako la dawa, na unataka jibu kabla mwezi haujaisha. Jibu ninalo, lakini kwanza sikiliza hesabu.

Kazi yangu umezoea kuiita “kujaza fomu.” Haya. Mgonjwa akishatibiwa, nasoma alichoandika daktari, nageuza kila ugonjwa na kila huduma kuwa namba, kisha tunaidai kampuni ya bima. Namba ikikosewa, hospitali hailipwi. Chumba hiki nilianza kwa kukifagia, nikajifunza kwa kuchungulia. Huu mwaka wa saba: fomu sitini kwa siku, zinazorudishwa hazifiki mbili. Mshahara, laki nne na nusu.

Januari wakaajiri bwana mmoja, tumempachika jina Cheti, maana anacho cha bodi. Yeye laki tisa. Anayemfundisha ni nani? Mimi! Juzi bima wamerudisha fomu zake za fundi rangi aliyevunjika mkono. Kila fundi alipokuja kubadilishwa bendeji, Cheti aliandika namba ya ajali mpya. Dada wa bima akapiga simu: “Jamani, mtu kaanguka ngazini mara sita kwa wiki mbili, hamjamnyang'anya tu hiyo ngazi?” Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Fomu zote sita nilizirekebisha mimi.

Nikamwendea mhasibu mkuu kuomba nyongeza. “Mama, kazi unaijua kuliko sisi sote,” akasema, “lakini cheti huna.” Nikarudi kitini nikaendelea na fomu.

Basi nimejiandikisha mtihani wa bodi unaotoa hicho cheti, tarehe ishirini na nane. Ada laki sita, nimevunja kibubu changu mwenyewe, sikumchangisha mtu. Nikifaulu, zahanati ya meno iliyo ng'ambo ya barabara itanichukua kwa laki nane na nusu. Niliwaambia maneno matupu sitaki, wakaniandikia. Hiyo ni nyongeza ya laki nne. Ada yangu inarudi kwa mwezi mmoja na nusu. Wewe uliniahidi laki tano na chakula, na mimi silagi sana.

Nikifeli je? Mtihani unafanyika kila baada ya miezi minne. Nitaurudia.

Kwa hiyo kaunta mpe mwingine, Mjomba, tena wiki hii. Usinishikie nafasi. Nikijua ipo, swali gumu la kwanza tu litanifanya niiwaze.

Nisalimie Mkazamjomba, Bibi, na mdogo wangu fundi cherehani. Aniombee siku ya mtihani, saa tatu asubuhi. Mungu akuzidishie afya na wateja wasiokopa.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ninapokukatalia.